Kidonge cha Babu Nilimwachisha Mimi

Kishanda, Muleba,
Mkoa wa Kagera.
Jumapili, 2 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Joviana,

Shikamoo Shangazi. U hali gani huko Dar, na hilo joto lenu? Mjomba Nicholaus mgongo wake umepata nafuu? Clavery na Kokubanza wanaendeleaje na shule? Naomba Mungu barua hii iwakute nyote wazima. Sisi hapa hatujambo. Mvua zimeanza, maharage tumeshapanda katikati ya migomba, na jana tulipalilia upande wa chini wa kibanja hadi mikono ikaota malengelenge.

Babu anaendelea vizuri, kwa hiyo usishtuke kuona bahasha. Anakula, analala, asubuhi anatembea hadi barabarani na kurudi. Juzi alimfokea mbuzi wa jirani kwa ile sauti yake ya zamani, sote tukacheka kwa furaha.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unanijua, Shangazi, mtu akiniuliza jambo mbele ya watu sauti yangu inakwenda kujificha. Halafu simu ya Babu lazima iwekwe sauti kubwa, wa sebuleni wasikie, wa jikoni wasikie, na kuku nao wasikie. Ninalotaka kukuambia siwezi kulisema hivyo. Barua nitampa Mwalimu Ismael wa shuleni kwetu, anasafiri kuja huko Jumanne.

Nimeianza mara tatu. Mbili nimezichana, maana nilijaza ukurasa mzima kwa habari za shule nikijizungusha. Sasa naliandika lenyewe. Aliyemwachisha Babu kile kidonge cha pinki ni mimi. Siyo mama Elina, huyu mke wa baba ambaye sote tumemwachia lawama. Ni mimi, Evelyne.

Nieleze tangu mwanzo, usije ukadhani namtetea mtu tu.

Ulipomrudisha Babu mwezi wa Novemba, baada ya kuwekewa ile stenti kwenye mshipa wa moyo, ilikuwa msimu wa senene na watu walikuja wengi kumpa pole. Wewe ulikuwa umeshapanda basi kurudi. Watu walikaa hadi nje, wanatafuna kahawa, kila mmoja anataka kujua hicho kijibomba cha wavu wa chuma kinakaaje ndani ya mtu. Hapa wote wanakiita springi. Babu akaniita niwasomee karatasi ya hospitali. "Huyu mjukuu wangu," akasema, "Kiingereza anakunywa kama maji." Nilisimama katikati yao. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikawa natafsiri sentensi moja moja. Niliwaambia stenti ya Babu ni ya kisasa, imepakwa dawa, dawa inatoka polepole.

Ta Aristides, yule mzee katekista, akauliza, "Na kutu je? Chuma ndani ya damu miaka yote hiyo, hakishiki kutu?"

Nikamjibu, "Hakishiki. Kina dawa."

Shangazi, watu walipiga makofi. Mimi ambaye darasani nikiitwa ubaoni naangalia viatu. Ta Aristides akasema, "Tumepata daktari Kishanda, sasa Bukoba tutakwenda kununua sukari tu." Nilijisikia mrefu. Karatasi ilikuwa na ukurasa wa pili kwa nyuma. Sikuugeuza. Niliikunja, nikairudisha kwenye bahasha.

Tangu siku hiyo kila swali la dawa lilikuwa la kwangu. Mama Elina ndiye aliyempa Babu vidonge kila asubuhi na uji, kile cheupe kidogo na kile cha pinki. Hakuwahi kuruka hata siku moja, hilo nakuapia. Lakini kwa vile yeye aliishia darasa la saba na karatasi ni za Kiingereza, akitaka kujua jambo ananiuliza mimi.

Babu alikuwa anakilalamikia kile cha pinki. Akijikwaruza kidogo tu kibanjani damu inachelewa kukata, na mikono ilimjaa madoa ya bluu. Alisema kinamfanya aonekane kama mtu aliyepigwa.

Sasa, kabla ya Krismasi, akaja Magesa, yule mchuuzi wa samaki wa visiwani anayechukua ndizi kwetu. Kumbe naye ana springi, aliwekewa mwaka juzi. Wakakaa na Babu wanalinganisha kama watu wanaolinganisha ng'ombe.

"Mzee Rutaihwa, unakunywa viwili?" Magesa akauliza. "Mimi kimoja. Kile cha pinki daktari mwenyewe alinikatia, haikufika hata miezi miwili."

"Ya kwako ni ya aina gani?"

"Ya kwangu chuma kitupu, mzee. Ya watu wa nyavu."

"Ya kwangu ina dawa ndani yake," Babu akasema, na nilimwona anavyojivuna.

"Sasa kama ina dawa ndani, unaongeza ya nini tena? Si unatia chumvi kwenye samaki wa chumvi!"

Wakacheka sana. Halafu Babu akanigeukia. "Evelyne, wewe ndiye msomi. Magesa anasema kweli?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini Magesa alikuwa ananiangalia, na Babu alikuwa na ile sura ya siku ya makofi. Nikafikiri haraka haraka: ya Magesa haina dawa na anakunywa kimoja, ya Babu ina dawa, basi Babu anahitaji pungufu ya Magesa au sawa naye. Kichwani ilikaa vizuri kama hesabu. Nikasema, "Ni kweli Babu. Cha pinki ni cha mwanzo tu, kabla dawa ya ndani haijaanza kazi."

Sikupata hayo mahali popote. Niliyatunga nikiwa nimesimama.

Jioni yake mama Elina aliniuliza jikoni, akimenya ndizi. "Evelyne, una hakika? Mimi naona tumpigie shangazi yako kwanza." Nikamwambia, "Mama Elina, imeandikwa."

Haikuandikwa. Hapo ndipo ninapoona aibu kuliko pengine pote, maana kwa Babu nilikosea, lakini kwa mama Elina nilidanganya. Kesho yake akampa Babu kidonge kimoja.

Krismasi ikapita, Januari ikapita. Babu akafurahi, madoa yakaisha mikononi, akarudi kukata majani ya migomba. Akawa anawaambia watu mjukuu wake kampunguzia sumu. Nami nikawa nasikia, nakubali.

Yaliyotupata ile Ijumaa ya Februari unayajua, ila wewe ulisimuliwa na baba mkubwa Protase. Babu alikuwa kibanjani, akakaa chini ghafla, mkono kifuani, jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo. Mama Elina ndiye aliyemkuta. Alimbeba, Shangazi. Mgongoni. Mpaka barabarani. Baba yuko Biharamulo kazini, na baba mkubwa alifika na gari la jirani Babu akiwa ameshalazwa kwenye nyasi, kichwa kwenye mapaja ya mama Elina. Wakampeleka hospitali ya Rubya, wakamtuliza, kisha tukapelekwa Bukoba.

Huko Bukoba daktari anaitwa Ildefons, mpole, anaongea taratibu. Alimwaga dawa za Babu mezani akazihesabu. "Cha pinki mbona kimebaki kingi? Kimeachwa lini?"

Babu akasema, "Nilisahau mwenyewe."

Baba mkubwa akaruka. "Baba, wewe unakumbuka mpaka mvua ya mawe ya mwaka wa uhuru, leo unasahau kidonge? Nani anakupa dawa hapo nyumbani?"

Babu akageukia ukuta. Na watu wote chumbani wakamgeukia mama Elina.

Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Nilimwona akiniangalia, mara moja tu, halafu akaangalia sakafu. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Na nikuambie lililo baya zaidi, kwa sababu nimeamua kutoficha: kuna sehemu moyoni mwangu ilipumua. Tangu baba amlete nyumbani miaka minne iliyopita, baada ya mama kufariki, namwita "mama Elina", sijawahi kumwita mama tu. Nikaona kwamba kama mwenye kosa ni yeye, angalau ni mtu ambaye watu wako tayari kumdhania hivyo. Niliwaza hivyo kweli, Babu akiwa na mashine kifuani.

Daktari alipotoka nilimfuata kwenye korido. Nilimuuliza, sauti haitoki vizuri, kama stenti yenye dawa si ndiyo inayohitaji vidonge vichache. Hakunicheka. Aliniuliza kama nyumbani tuna kahawa.

"Tunayo."

"Ukipigilia msumari kwenye mti wa kahawa, gome linafanyaje?"

"Linavimba."

"Halafu?"

"Linaufunika."

"Basi mshipa wa moyo nao ni hivyo hivyo," akasema. Mwili ukiwekewa kitu kigeni unakasirika na kuvimba kwa ndani. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe huo, cha Babu kilikuwa juu. Kwenye stenti ya chuma kitupu mshipa unavimba mapema, nyama inaota, inaufunika ule wavu katika wiki chache. Ubaya wake, nyama inaweza kuota kupita kiasi na njia ikawa nyembamba tena. Ndiyo maana wakatengeneza ya dawa. Dawa inatuliza uvimbe na kuizuia nyama isiote ovyo. Lakini nyama ikizuiwa, chuma kinakaa uchi muda mrefu, na damu ikikutana na chuma kilicho uchi inaganda juu yake. Tena kwa baadhi ya watu hata ule utando ulioshika dawa unauchokoza mshipa, uvimbe ukaendelea chini kwa chini. Kile kidonge cha pinki kinaizuia damu isigande wakati mshipa unapona.

"Kwa hiyo ya dawa ndiyo inayotaka vidonge viwili muda mrefu zaidi?"

"Kwa kawaida, ndiyo. Wa chuma kitupu anaweza kuruhusiwa mapema. Wengine huwekewa hiyo kwa sababu wana upasuaji mwingine mbele yao, hawawezi kukaa na kidonge hicho mwaka mzima."

Nikakumbuka Magesa alishawahi kutuonyesha kovu la upasuaji wa henia.

"Damu ya babu yako ilikuwa imeanza kuganda, haijaziba," daktari akasema. "Mmewahi. Nani aliwaambia akiache?"

Nikasema sijui.

Kisha nikatoa ile karatasi kwenye bahasha, nikaigeuza, nikasoma ukurasa wa pili nikiwa nimeegemea ukuta. Imeandikwa vidonge vyote viwili, miezi kumi na miwili, asiache hata kimoja bila kuambiwa na daktari wa moyo. Hapakuwa na neno hata moja gumu. Mtoto wa darasa la tano wa shule niliyosoma angelielewa.

Babu aliporuhusiwa nilimfuata kibanjani nikamwambia nataka kusema ukweli kwa baba mkubwa. Akanishika mkono. "Mwana wange, kaa kimya. Wewe una mitihani, na jina lako bado bichi. Elina ni mtu mzima, atavumilia." Nampenda Babu, unajua. Lakini niliondoka pale nikiwa nimebeba mzigo mzito kuliko niliokuja nao. Alitaka kunilinda, na aliyechukuliwa kuwa ngao ni mtu mwingine.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu, nani anatumikia adhabu yangu kwa sasa.

Shangazi, wiki iliyopita ulipopiga simu, sauti kubwa ikiwa imewekwa, ulisema, "Mtu asiyejua kusoma asishike dawa za baba." Hukuwa na kosa, uliambiwa hivyo. Lakini mama Elina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Aliliweka chini, akaenda kuchota maji ambayo tulikuwa nayo tayari. Anayejua kusoma alikuwa ameketi kando ya simu, anachezea uzi wa sketi.

Tangu siku ile kisanduku cha dawa anakaa nacho mama mkubwa Joanitha. Na baba mkubwa anasema utakapokuja Pasaka kikao kimoja tu kinatosha, mama Elina arudi kwao Sengerema "akapumzike". Baba akipigiwa anasema atasikiliza wakubwa. Mama Elina ameanza kukunja nguo zake. Mboga zake za nyuma ya jiko, zile alizopanda mwenyewe, amemwonyesha jirani jinsi ya kuzimwagilia. Hajaniambia neno la lawama. Nilimuuliza kwa nini hasemi, akanijibu akipepeta mchele: "Mama wa kambo aseme kosa ni la mtoto wa marehemu? Nani ataniamini, Evelyne? Wewe ungeamini?"

Nisingeamini. Ndiyo maana lazima niseme mimi.

Ombi langu ni moja. Usingoje Pasaka. Ukimaliza kusoma, mpigie baba mkubwa, umweleze kama nilivyokueleza, na umwambie kisanduku cha dawa kirudi mkononi mwa mama Elina, mbele ya watu, kama kilivyochukuliwa mbele ya watu. Wakiniita niulizwe nitakuja. Sauti ikinitoroka nitaitikia kwa kichwa, lakini sitatoka chumbani. Adhabu yoyote mtakayonipa nitaipokea. Kama ni kuniondoa shule ya Kiingereza, sitabisha, ingawa nitaumia. Babu usimlaumu sana. Alikosea kwa upendo, na moyo wake bado unapona.

Nilidhani barua imeishia hapo. Mchana huu nikaona si haki kumwandikia mtu habari zake bila yeye kujua, nikamsomea mama Elina yote, tukiwa jikoni. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho. Nikangoja aniambie nimefanya vema. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili. Umeandika moja."

Ni kweli, Shangazi. Hata katika kuungama kwangu nilijipunguzia. Asubuhi ile, kabla ya kumpa Babu kidonge kimoja, alikuja kwangu na simu mkononi. Alikuwa ameshalitafuta jina lako, limeonekana kwenye kioo, kidole kiko juu ya kubonyeza. Akasema, "Nimpigie tu, mwanangu, dakika moja." Nami nikamwambia, "Mama Elina, wewe hujasoma, mimi nimesoma. Mbona unanidharau?" Akaizima simu. Akaenda kupika uji.

Sasa nimeandika zote mbili.

Nisalimie Mjomba Nicholaus, umwambie mgongo aukande na maji ya moto. Msalimie Clavery, na Kokubanza umwambie namkumbuka kila nikisuka nywele. Babu anawasalimu, hajui kama nimeandika, nitamwambia leo jioni mwenyewe. Baba mkubwa Protase na mama mkubwa Joanitha nao wanawasalimu. Mama anakusalimu sana.

Mungu awafunike kwa mkono wake, akupe nguvu ya kusoma haya bila kunichukia, na akulete Kishanda salama.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Evelyne Rwekaza